Kiingereza cha Mgomo

Wazo la kufundishwa Kiingereza halikutoka kwa wafanyakazi, lilitoka juu. Kiwanda cha kufulia kilipopata mwenye mali mpya kutoka ng'ambo, Meneja aliwakusanya watu wote uani, kati ya mapipa ya sabuni na vikokoteni vya mashuka, akawatangazia kwamba tangu sasa hapandi mtu kuwa kiongozi wa zamu kama hajui Kiingereza. Lakini kampuni ina huruma, akasema, kwa hiyo imeleta mwalimu. Atafundisha kantini baada ya zamu ya mchana, na anayetaka aje.

Shangazi hakuwa na hamu ya kumwongoza mtu. Alikuwa mpigaji roli tangu enzi za mwenye mali wa kwanza, na roli ilimtosha. Roli ni pasi, ila si pasi ya kushika mkononi. Ni magogo mawili ya chuma yanayozunguka yakiwa yamechemka, na kazi ya mpigaji ni kulishika shuka bichi kwa pembe zake, kulinyoosha na kuliingiza katikati. Upande wa pili linatoka limekauka, limenyooka, na lina joto la kukufanya utamani kulilalia. Mashuka ya hospitali na ya hoteli, mchana kutwa. Watu wote walimwita Shangazi kwa sababu mtoto wa kaka yake, msichana aliyepewa jina la Kicheko, alipiga roli moja naye na alizoea kumwita hivyo kwa sauti ya kushinda mashine. Jina likasambaa mpaka kwa wanaume waliomzidi umri, naye akachoka kulikataa.

Kicheko ndiye aliyemburura darasani. Alikuwa amelelewa na Shangazi tangu baba yake alipofariki, na alikuwa na ndoto ya kuvaa lile koti la bluu la kiongozi wa zamu. Hakutaka kwenda peke yake. Shangazi akamwambia kichwa chake kimeshakuwa kigumu kama sabuni ya mche. Kicheko akamjibu kwamba sabuni ikilowekwa inalainika, akamshika mkono, wakaenda.

Mwalimu alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani na viatu vilivyolika visigino. Asubuhi alisomesha sekondari, jioni akaja kantini kujiongezea riziki. Alikuwa ameambiwa afundishe Kiingereza cha kazini, na kitabu hakupewa. Basi aliingia mtandaoni, akapata ukurasa wa habari zilizorahisishwa kwa wanaojifunza lugha, akabonyeza palipoandikwa "kazi". Kumbe habari za kazi za dunia nzima ni habari za watu waliogombana na waajiri wao. Madereva wa treni mahali fulani, wauguzi mahali pengine, wapakuzi wa bandarini, wapishi wa shule. Mwalimu hakuona ubaya. Sentensi zilikuwa fupi, msamiati mzuri, na mwishoni mlikuwa na maswali yaliyokwisha kutungwa. Akachapa nakala, akaja nazo kwapani.

Neno la kwanza kuandikwa ubaoni lilikuwa "strike". Akaeleza kwamba kwa kawaida maana yake ni kupiga, ila kwenye habari ile maana yake ni kugoma. Fundi wa mashine, mtu mnene asiyepitwa na mzaha, akauliza wamempiga nani. Mwalimu akasema hawakumpiga mtu, wameacha kazi tu. Likaja lile jingine, "industrial action", kitendo cha wafanyakazi, na Fundi akatikisa kichwa: wenye lugha yao wana mambo, mtu akikaa kitako wanasema ametenda. Siku ya "sacked", kufukuzwa kazi, ndiyo kantini ilivunjika mbavu, maana "sack" ni gunia, na gunia wote walilijua.

"Wao wanatiwa gunia, sisi tunamwaga unga," Kicheko akasema. "Siku tukikutana, unga utarudi mahali pake."

Mwalimu mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani.

Shangazi alisoma taratibu, kidole chini ya kila neno, midomo ikicheza. Usomaji wa namna hiyo unamchelewesha mtu, lakini pia unamwonyesha vitu ambavyo mwenye haraka anavipita. Jioni moja aliinua mkono na kumwomba mwalimu amsaidie kidogo. Kwenye habari hii ya wauguzi, wauguzi wanafanya nini? Mwalimu akatazama karatasi. Wana-"demand", akasema, wanadai. Na wenye hospitali? Wana-"offer", wanajitolea kuwapa kitu. Haya, na kwenye ile ya treni ya wiki iliyopita, madereva walifanya nini? Wali-"threaten", walitishia. Na kampuni? Ili-"warn", ilitahadharisha.

Shangazi akaweka penseli mezani.

"Kwa hiyo mwenye mali akisema usipofanya hivi utakiona, ametahadharisha. Mimi nikisema vilevile, nimetishia."

"Ndivyo inavyoandikwa, Shangazi."

"Na anayeandika ni nani?"

Mwalimu hakutunga jibu la uongo. Alikwenda na swali hilo nyumbani. Somo lililofuata alikuja na rundo la habari mpya, akawaambia wapige mstari chini ya kila kitendo: upande mmoja vya wafanyakazi, upande wa pili vya waajiri. Wakainama. Kantini, ambayo kwa kawaida ilikuwa na kelele za sokoni, ikanyamaza mpaka ukasikia bomba likidondosha matone. Walipomaliza, mambo yalikuwa yaleyale, isipokuwa habari moja ya wapishi wa shule ambayo mwandishi wake alionekana kuwa mtu wa haki. Kwingine kote mfanyakazi alikataa, alivuruga, alilalamika, alitishia. Mwajiri alieleza, alisikitika, alisihi, alipendekeza. Na likajitokeza neno ambalo Mwalimu alipata taabu kulieleza, "claim". Nalo ni kudai, akasema, ila si kudai kitu. Ni kusema jambo ambalo anayekuandika hajakuamini.

"Sisi neno letu moja linatosha kwa yote mawili," Kicheko akasema.

"Wao wametenga," Shangazi akasema. "Wana moja la kutuita waombaji, na jingine la kutuita waongo."

Kuanzia siku ile alisoma kwa hasira, na hasira ikamfanya asome vizuri zaidi. Meneja naye alipita kantini jioni moja, akasimama mlangoni, akayasoma yaliyokuwa ubaoni. Kesho yake Mwalimu aliitwa ofisini. Alirudi na nakala za mazungumzo ya kupokea wageni: habari za asubuhi bwana, naomba nikubebee begi lako. Darasa likamtazama. Begi la nani, wakauliza, sisi tunabeba mashuka machafu. Mwalimu alikuwa na mke na mtoto mchanga, na uoga wake ulikuwa wa haki. Akapatana nao hivi: juu ya karatasi zitakaa sentensi za kumpokea mgeni, chini zitakaa habari, na mtu akichungulia mlangoni wote wamsabahi bwana.

Mbele ya roli kulikuwa na ufito wa chuma, mwembamba, uliowekwa na waliounda mashine ili kulinda vidole. Kidole kikiugusa, magogo yanasimama papo hapo. Shida ni kwamba shuka lililokunjamana nalo liliugusa, mashine ikasimama, na Nyapara, msimamizi wa chumba cha roli, akaanza kupiga makelele kwamba kazi inalala. Kiwanda kilipopata hospitali nyingine kubwa ya kufulia, Nyapara alimwita Fundi, akamwamuru auinue ufito ule na kuufunga kwa waya ili usimsumbue mtu. Fundi alifunga. Shangazi alikwenda kulalamika, na si mara moja. Nyapara akamjibu kwamba mwenye macho hahitaji ufito. Akaenda kwa Meneja, akaambiwa suala lake limepokelewa.

Lililotokea lilitokea asubuhi, watu wakiwa bado na nguvu, wala hakuna aliyekuwa akicheza. Lilikuja shuka ambalo upindo wake ulikuwa umejikunja. Kicheko akaunyoosha kwa vidole kama wanavyofanya siku zote, na roli ikaudaka upindo pamoja na vidole. Kitufe chekundu cha kuzimia mashine kilikuwa ukutani. Shangazi alikimbia kukibonyeza, na kila alipokumbuka baadaye aliona kama ukuta ule ulikuwa unarudi nyuma. Sauti aliyoitoa Kicheko haikufanana na sauti yake yoyote.

Gari la mashuka ndilo lililompeleka hospitali. Shangazi alikwenda naye, akarudi adhuhuri, damu ikiwa imekauka kwenye aproni yake, akaikuta roli inazunguka. Walikuwa wameshaipangusa, na msichana wa zamu nyingine alikuwa amesimama pale pale, analia, huku anaingiza mashuka. Ufito ulikuwa bado umening'inia kwenye waya.

Shangazi akaenda ukutani, akabonyeza kitufe. Kisha akaenda roli ya pili, akaizima. Wanawake wa kukunja wakaacha kukunja, wa mashine za kukaushia wakafungua milango yake, na kiwanda kizima kikanyamaza namna ambayo hakuna aliyewahi kuisikia mchana. Meneja akashuka ngazi kwa kasi. Alisema anasikitika sana, ni ajali ndogo ya kusikitisha, na sasa kila mtu arudi kazini, halafu watakaa wazungumze.

"Fungua waya kwanza," Shangazi akasema.

Meneja akamwambia mambo yana utaratibu wake. Shangazi akasema yeye haombi kitu kipya, anaomba mashine irudishwe kama ilivyotengenezwa. Meneja akarudia kwamba warudi kazini kwanza. Basi wakatoka uani, wakakaa juu ya marobota ya mashuka machafu. Hakuna aliyesema neno mgomo. Kwa kweli mpaka jioni walikuwa hawajajua kwamba wamegoma. Walijua tu kwamba hawawezi kuweka mikono yao mahali pale.

Kesho yake geti lilifungwa, wakakaa nje, kando ya ukuta. Fundi peke yake alibaki ndani, kwa kuwa boila haiwezi kuachwa bila mtu, na alipopita getini wanawake walimtazama kama wanavyoutazama ukuta. Mwandishi wa gazeti la Kiingereza akaja, dada kijana mwenye mkoba begani, akawauliza kwa Kiswahili kizuri kilichotokea. Shangazi akamweleza yote: ufito, waya, Nyapara, kitufe, mkono. Alieleza bila kutia chumvi, kwa sababu aliona jambo lenyewe linatosha. Dada yule aliandika, akaingia ndani kwa Meneja, akatoka, akaaga kwa adabu.

Kutwa ile Shangazi alikuwa na faraja kidogo. Aliwaambia wenzake kwamba sasa watu watajua.

Alipokwenda hospitali siku iliyofuata, Kicheko alikuwa amelala juu ya shuka lenye mhuri wa kiwanda chao pembeni, mkono umefungwa ukawa mkubwa kama mto wa mtoto. Daktari alikuwa amesema vidole viwili havitarudi kamili. Kicheko hakuzungumza habari ya vidole. Alimwambia shangazi yake kwamba muuguzi wa asubuhi, aliyekuwa mcheshi siku ya kwanza, leo amembadilishia bandeji bila kumtazama usoni, na alipoombwa shuka safi alijibu kwamba mashuka yameisha, awaulize wenzake. Muuguzi alikuwa amesoma gazeti.

Shangazi alilinunua kwa muuza magazeti wa geti la hospitali, akalikunja, akalibana kwapani, akatembea nalo mpaka kiwandani bila kulifungua. Hakutaka kulisoma peke yake.

Mwalimu alikuja jioni ile kama kawaida yake, akakuta kantini imefungwa na darasa lake limekaa kando ya barabara juu ya maboksi. Akasimama, hajui aendelee au ageuke. Shangazi akamnyooshea gazeti.

"Tufundishe hii," akasema.

Akaketi. Hapakuwa na ubao, akaandika kwenye ubavu wa boksi. Kichwa cha habari kilisema mgomo wa wafua nguo umevuruga hospitali, na hilo "disrupt" walilijua tayari. Wakashuka mstari kwa mstari. Wafanyakazi "wenye hasira" walikataa kurudi kazini. Walidai mashine zibadilishwe. Meneja alieleza kwamba mfanyakazi mmoja hakufuata utaratibu wa usalama na kampuni inamtakia nafuu. Meneja aliwasihi wenzake wawafikirie wagonjwa. Kisha, karibu na mwisho, palipokuwa na tangazo la magodoro, wakamkuta Shangazi na ufito wake uliofungwa. Hakutajwa jina, aliitwa mfanyakazi mmoja mwanamke. "She claimed that a safety bar had been tied up."

Mwalimu aliisoma sentensi hiyo kwa sauti ya chini na hakuitafsiri. Hapakuwa na haja.

Shangazi akaliinamia boksi. Mtu aliyekuwa jirani naye alifikiri analia, lakini hakuwa analia.

"Nimeusikia mfupa," akasema hatimaye. "Nimemvuta mtoto wa kaka yangu kutoka kwenye chuma kwa mikono hii. Halafu nimedai."

Mwanamke mmoja wa kukunja akasema pole, mwingine akasema ndio dunia, na hilo la dunia ndilo lililompandisha Shangazi mori. Akasema dunia haikuandika gazeti. Limeandikwa na mtu, ana meza, ana kiti, na meza hiyo iko mahali fulani, na mahali hapo pana mlango. Kesho atakwenda. Atakayefuatana naye afuatane, asiyetaka abaki akitunza maboksi.

Walikwenda kundi dogo, na Mwalimu akaja nyuma yao, akiwa ameaga shuleni kwamba anaumwa tumbo, jambo ambalo kwa woga aliokuwa nao halikuwa uongo. Waliwekwa mapokezi mpaka miguu ikafa ganzi. Mhariri alipowapokea alikuwa mpole, na upole wake ulikuwa wa mtu aliyezoea kupokea watu wasio na la kumfanya. Aliwaeleza kwamba gazeti haliwezi kuandika jambo kama la kweli kabla halijathibitishwa. Lile neno ni tahadhari tu ya kisheria. Si tusi.

Shangazi akakubali. Akasema hana ugomvi na tahadhari, yeye mwenyewe ni mtu wa tahadhari, ndiyo maana alikuwa akiudai ule ufito.

"Lakini Meneja hakuwapo," akasema. "Alikuwa juu ofisini. Mimi nilikuwa hapa, mtoto alikuwa pale." Akagonga meza ya Mhariri mahali pawili. "Mimi niliyeona mmeniandikia 'claimed'. Yeye ambaye hakuona mmemwandikia 'explained', ameeleza. Kama ni tahadhari, mbona imeniangukia mimi peke yangu? Tuandikeni sote tumedai, au sote tumesema."

Mhariri akatabasamu, akatazama saa yake ya mkononi. Akasema hoja hiyo inavutia na ataifikiria. Ila, wakubaliane, wasomaji wa kawaida hawaangalii vitu vidogo kama hivyo.

"Muuguzi aliangalia," Shangazi akasema, akasimama.

Alishuka ngazi. Hakujiona kama mtu aliyeshinda jambo. Alijiona kama mtu aliyekwenda kukipigia kelele kisima. Walikuwa wamefika karibu na mlango wa barabarani waliposikia viatu vikiwafuata mbio, na yule dada mwandishi akawakuta, anahema. Alikuwa ameketi nyuma ya kioo, amesikia yote. Alisema hakuna aliyembadilishia maneno. Aliyaandika yeye mwenyewe, bila hata kufikiri, ndivyo anavyoandika siku zote. Alionekana kama mtu anayetaka kusamehewa. Shangazi hakumsamehe wala hakumgombeza. Alimwambia kama ana nafasi aje getini, aje na macho.

Dada alikuja mchana uleule, ila waya haukuwapo tena. Wakaguzi wa usalama kazini walikuwa wanatarajiwa, na asubuhi hiyohiyo Meneja alikuwa ameagiza ukatwe. Nyapara akaruhusu mwandishi aingie, akampeleka mpaka kwenye roli, akamwonyesha ufito umekaa mahali pake, umepanguswa, unang'aa. Dada akatoka nje uso umemwanguka. Akasema, kwa uangalifu, kwamba ufito ameuona na haujafungwa.

Sasa Shangazi atakuwa mwongo kweli, na kwa maandishi.

Ndipo Fundi alipotoka getini. Alikuwa na ovaroli yake ya boila, ameloa jasho, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue hakuwa na utani mdomoni. Akatia mkono mfukoni, akatoa kipande cha waya uliokuwa mweusi kwa moto, kimepinda bado kwa umbo la ufito uliokuwa umefungwa nacho. Akamkabidhi mwandishi.

"Nilifunga mimi," akasema. "Nyapara aliniamuru, Meneja alijua. Na leo nimeambiwa nikate kabla wakaguzi hawajafika."

Mwandishi akamtazama. Akamwuliza kama angependa maneno yake yaandikwe bila kumtaja, maana unga wake ungeweza kumwagika. Fundi akageuka, akawatazama wanawake waliokaa kando ya ukuta, ambao hakuna aliyekuwa amemsalimu tangu siku ile.

"Andika fundi wa mashine amesema," akajibu. "Usiandike amedai."

Shangazi hakumshukuru. Ukweli ni kwamba alipoutazama ule waya alitaka kumpiga nao usoni, kwa sababu mtu huyu alikuwa akikaa naye darasani, anacheka na Kicheko, huku anajua alichokifunga. Lakini alisogea kidogo juu ya boksi lake, na Fundi akaketi.

Habari ya pili ilitoka ukurasa wa mbele, na safari hii kila mtu alisema. Meneja alisema, Fundi alisema, mpigaji roli mwanamke alisema. Mwalimu aliipitia yote barabarani pale kwa kidole, akitafuta, na hakupata hata "claim" moja. Wakaguzi walikuja, wakaandika yao. Nyapara akahamishwa. Ufito ukabaki mahali pake, na pembeni ya kila roli pakawekwa kitufe cha kuzimia, cha kufikiwa kwa mkono bila mbio. Wanawake wakarudi kazini.

Ukisikia hivyo utafikiri mambo yalikwisha vizuri, na wako waliofikiri hivyo. Shangazi hakufikiri hivyo. Meneja alibaki kwenye kiti chake. Fundi aliambiwa kazi yake haihitajiki tena, kwa sababu yeye ndiye aliyekiri kufunga waya. Kicheko alirudi akiwa na vidole viwili vifupi, ngozi yake imevutika na kung'aa, akapelekwa meza ya kukunja. Koti la bluu alipewa mtu mwingine. Na getini likabandikwa tangazo la Kiingereza, lenye nembo ya kampuni, ambalo Kicheko alilisoma mwenyewe bila msaada wa mtu, huku wenzake wamemzunguka. Lilisema kampuni imejivunia kuanzisha hatua mpya za usalama.

"'Introduced'," akasema. "Wameanzisha. Ufito ulikuja na mashine, ukatolewa, mashine ikala vidole vyangu, ukarudishwa, na wao wameanzisha."

Akacheka, lakini hakuna aliyecheka naye, naye akaacha. Shangazi alilibandua tangazo lile mbele ya mlinzi, akalichana katikati. Mlinzi alijifanya anafunga kamba za viatu.

Masomo ya kantini yalifutwa, na Mwalimu akashukuriwa kwa maandishi kwa mchango wake. Alikuja getini siku hiyo kuwaaga, akazungusha maneno, mwishowe akasema kwamba shuleni kwake kuna chumba ambacho siku ya mapumziko hakina mtu. Madawati yake ni ya watoto, magoti yatawauma. Hawezi kuahidi zaidi ya hapo. Shangazi akamwuliza kama mkuu wa shule amekubali. Mwalimu akasema bado hajamwuliza.

Wakaenda. Kicheko alikaa mbele, anajifunza kushika penseli upya kwa vidole alivyobaki navyo, anaudhika, anaanza tena. Fundi alikuja, akaketi nyuma, na ilichukua muda mrefu kabla mtu hajamchekea mzaha wake wowote. Habari zilikuwa zilezile za mtandaoni, madereva na wauguzi na wapakuzi, ila sasa waliobeba karatasi walizidi kuwa wengi, kwa maana wale wa kwanza walikuwa wamekwenda kusimulia. Walikuja wapishi wa mkate. Walikuja wawili kutoka kiwanda cha chupa.

Siku moja akaja mama mmoja mfagia barabara, na fulana yake ya rangi ya kumetameta, akasimama mlangoni hajui kama anaruhusiwa. Mwalimu akamkaribisha na kumwuliza angependa kuanza na nini: salamu, kujitambulisha, au kuhesabu. Mama akasema salamu anazijua. Yeye ametumwa na wenzake. Kuna wageni wa jiji watakuja kutembelea barabara, wanaongea Kiingereza, na msimamizi wao ndiye atakayewatafsiria.

"Nataka kusema kwa mdomo wangu kwamba tunafagia kutoka alfajiri mpaka mchana na hatuna choo," akasema. "Hilo tu. Na nisiambiwe nalalamika."

Darasa likageuka. Mwalimu akachukua chaki, akasita, akamtazama Shangazi. Shangazi alikuwa ameshasogea kwenye dawati kumpisha mama yule, na alikuwa anatafuta penseli ya pili kwenye mkoba wake.

"Anza na 'we say', tunasema," akamwambia Mwalimu. "Mengine tutayatafuta pamoja."